Kiboksi chekundu kilichoniaibisha kwenye meli ya Ukerewe, na ninachoweka kwenye kopo langu la dawa siku hizi

Mwezi wa 12, mwaka juzi, tulikuwa tunaenda Ukerewe kwa wakwe, mimi na watoto wawili na mabegi na jogoo mmoja ambaye sitaki hata kumzungumzia, na mwenzenu nilikuwa nimejiandaa kweli kweli maana wiki mbili kabla nilinunua kile kiboksi chekundu cha huduma ya kwanza chenye msalaba mweupe, vile vinavyouzwa kwenye maduka ya spea za magari pale mjini. Kizuri hatari. Zipu mbili, vimifuko vimifuko ndani, kila kitu kimepangwa utasema sanduku la bibi harusi.

Tumetoka bandarini kama saa nzima hivi, mdogo (alikuwa na miaka 3 na nusu) akaanza kusema tumbo. Nikadhani mawimbi. Akatapika kwenye gauni langu, nikasema sawa, ni mawimbi. Halafu akaharisha. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nguo za kubadilisha zikaisha, na kutoka pale mpaka Nansio bado kama masaa mawili, na si unajua katikati ya ziwa hakuna zahanati wala duka la dawa, ni maji pande zote na wewe na mtoto wako anayeanza kulegea.

Nikafungua kiboksi changu kwa mbwembwe, watu wanaangalia. Plasta 40. Filimbi. Kikaratasi cha kung'aa kama cha kufungia keki, baadae niliambiwa ni blanketi la baridi kali, sasa baridi kali Mwanza itatoka wapi. Kimkasi ambacho hakikati hata uzi. Bandeji mbili nyembamba kama utepe. Na kitu cha plastiki cha kumpulizia mtu pumzi ambacho mpaka leo nakiogopa. Cha kumsaidia mtoto anayeharisha, hakuna hata kimoja. Nikafunga zipu zote mbili.

Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima na kiroba chake cha ndala za kwenda kuuza, nilishamwamkia tangu tunapanda. Ananiangalia, haongei. Mwisho akafungua mtandio akatoa kopo la Blue Band, lile la zamani lililofifia rangi, akaniambia, "Binti, boksi lako zuri, ila ndani hamna kitu. Lete maji." Ndani ya kopo kulikuwa na pakiti nne za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, vidonge vya zinki, panadol, kijiko cha chai, wembe mpya kwenye karatasi yake, na kipande cha kanga kilichofuliwa kikakunjwa. Basi. Na hilo ndo lilikuwa boksi la huduma ya kwanza pale, langu lilikuwa pambo.

Sasa hapa nataka nikae kidogo maana ORS watu wengi wanaijua jina tu. Mimi nilikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu, nilitaka nimwage pakiti yote humo humo, yule mama akanikamata mkono. Pakiti zake zilikuwa za lita 1, kwa hiyo maji ni lita 1, si lita na nusu na si chupa ya nusu lita. Ukizidisha maji inakuwa haina nguvu, ukiyapunguza, chumvi inakuwa kali na inaweza kumzidishia mtoto. Akatafuta chupa mbili tupu za nusu lita, tukajaza zote mbili, ndo tukapata kipimo. Na soma pakiti yako kwanza maana zipo pia za maji kidogo, imeandikwa pale. Halafu hakumpa kikombe. Alimpa kijiko. Kijiko kimoja, anasubiri, kijiko kingine, mtoto akitapika anatulia kama dakika 10 halafu anaanza tena polepole zaidi. Mimi nilikuwa nataka anywe kwa haraka nione amepona, yule mama anapiga stori za bei ya ndala huku mkono unaenda kwenye kijiko kama saa. Tunafika Nansio dogo amelala, midomo imelowa, na alishakojoa, na baadae daktari wa watoto aliniambia kukojoa ndo kitu cha kuangalia.

Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 na kuendelea unampa kama nusu kikombe mpaka kikombe kila baada ya choo cha maji, aliye chini ya hapo robo mpaka nusu, na anayenyonya anaendelea kunyonya, usimkatishe. Ukishachanganya ikipita masaa 24 mwaga uchanganye nyingine. Ukikwama kabisa huna pakiti, maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa, na ukionja isiwe na chumvi kuliko machozi. Zinki anaendelea nayo siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekata siku ya tatu, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, chini ya hapo ni 10. Watu wanaacha akishapona. Na jamani flajili. Sijui nani alitufundisha kwamba tumbo likichafuka unameza flajili, ipo kwenye kila droo ya Mwanza hii, na kuharisha kwingi kwa watoto ni virusi ambavyo flajili wala haviijui. Mtoto akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani, ukiona damu kwenye choo, au choo kinatoka kama maji ya mchele, hapo hakuna kopo wala boksi, ni hospitali mbio huku unampa ORS njiani.

Niliporudi Mwanza nikachukua daftari nikaandika mambo yote yaliyotukuta nyumbani kwa mwaka ule. Si yanayoweza kutokea, hapana, yaliyotokea. Ekzosi ya boda: mara mbili. Chai ya moto: mara moja. Kisu cha kuparia samaki: sijui mara ngapi. Msumari. Mwiba wa sato kooni, baba yao, kwenye kipaimara cha watu. Homa za usiku. Nge, mara moja. Magoti ya yule mkubwa, kila Jumamosi, maana tunakaa kwenye kilima na watoto wa huku uwanja wao ni mawe. Ukiangalia ile orodha ukaangalia kile kiboksi chekundu unaona wazi kilitengenezwa na mtu ambaye hajawahi kukaa nyumba yenye watoto Mwanza. We andika yako. Mtu wa Igombe anayeshinda na nyavu na ndoano hatakuwa na orodha kama ya mtu wa ofisini Capri Point.

Nianze na ekzosi maana hii ndo yetu wote. Unashuka boda upande wa kulia kwa haraka, shavu la mguu linagusa ekzosi, ngozi inabaki pale. Mwenye mguu msafi upande wa kulia mji huu anyooshe mkono. Mara ya kwanza alikuwa yule mkubwa, mimi sipo, na binti anayetusaidia kazi kwa huruma yake akampaka dawa ya meno, akaipaka nene kabisa kama anapiga plasta ukuta. Nimefika imeshakauka, nyeupe, imepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi. Tukaenda kituo cha afya na nesi akaanza kuitoa kwa gozi na maji, kipande kwa kipande, na kila kipande kinakuja na ngozi yake, na mtoto analia hana tena sauti, mimi nimemshika mabega nimeangalia dirishani. Kidonda cha moto wenyewe kilikuwa kidogo tu. Kilichomuumiza zaidi ni kuitoa ile dawa ya meno.

Kwa hiyo dawa ya moto ni maji. Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, na dakika 20 ni ndefu, weka alarm kwenye simu maana ukiwa na mtoto anayelia dakika 3 utaona zimefika 20. Si barafu. Si asali, yai, unga wa ngano, majivu, mafuta ya kula wala mkojo, na nimeyataja yote kwa sababu yote nimeshaambiwa na majirani, kila mmoja ana ushahidi wa shangazi yake. Na kwa vile wote tunajua mgao, nyumbani kwangu kuna ndoo moja ya maji safi yenye mfuniko jikoni ambayo haiguswi kwa vyombo wala kwa kuoga, na jagi juu yake. Bomba likiwa kavu unachota unamwagia taratibu, yanaangukia kwenye beseni, unachota tena yale yale kama bado ni safi, sawa tu. Vua bangili, saa, kiatu mapema kabla hapajavimba. Nguo iliyoshikana na ngozi usiivute. Malengelenge usiyatoboe, najua mkono unawasha. Ukishamaliza maji unafunika na ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, unailaza tu juu usiikaze kuzunguka mguu, haigandi kwenye kidonda na nesi anaona ndani bila kufungua. Hiyo nailoni ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye kopo langu na hakuna boksi la dukani nimewahi kuiona. Kidonda kikizidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au kikiwa usoni, mikononi, kwenye maungio au sehemu za siri, au aliyeungua ni mtoto mchanga, nenda hospitali hata kama kinaonekana kidogo.

Visu na miiba. Sie wa ziwani tunaparia samaki karibu kila siku na lile pezi la mgongoni la sangara au sato linachoma kama sindano, linaingia ndani kidogo unaona ni kitone tu cha damu, kesho yake kidole kimekuwa kama soseji. Hapo nina vitu vinne: sabuni ya mche kipande kipya, glavu jozi tatu, gozi nyingi, na bandeji pana za kuvutika. Unaosha na maji mengi na sabuni, inauma, endelea kuosha. Damu ikiwa nyingi unakandamiza kwa gozi dakika 10 bila kuchungulia, na shida yetu ndo kuchungulia, kila nusu dakika mtu anafunua aone kama imekata, anatoa ile damu iliyoanza kuganda inaanza upya. Ikilowa unaongeza gozi juu, hutoi ya chini. Pamba usiweke juu ya kidonda kibichi, nyuzi zinabaki ndani. Spiriti ni ya kufutia kibanio na mkasi, usimwage ndani ya kidonda, haiongezi chochote zaidi ya kelele. Na ile tabia ya kufungua kapsuli ya rangi mbili na kumwagia unga kidondani, ambayo naiona sana kwa wavuvi na mafundi, tuache. Unga unaganda juu, uchafu unabaki chini, daktari akija kusafisha anaanza na kuchimba unga.

Na chanjo ya pepopunda. Ukichomwa na msumari au ndoano yenye kutu au kidonda kina udongo, na hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, nenda siku hiyo hiyo ukaulize. Mimi tarehe za chanjo za wote nimeandika kwenye karatasi nikabandika ndani ya mfuniko. Mbwa akikung'ata, hata kwa mkwaruzo, hata kama ni mbwa wa jirani na jirani anaapa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu uende hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hii sio ya kusubiri tuone.

Mwiba wa samaki kooni niliomtaja, baba yao alipewa matonge makubwa ya ugali ameze mzima mzima, na hayo ndo mafundisho tuliyokua nayo, lakini tonge linaweza kuusukuma ukachoma ndani zaidi. Kama anaongea na anapumua vizuri, atulie, asiingize vidole, apelekwe akatolewe. Yule alitolewa na daktari kwa kibanio kirefu chini ya dakika moja, baada ya sie kumlisha ugali nusu sufuria.

Dawa za kumeza nimeweka chache kwa makusudi. Paracetamol ya vidonge na ya maji. Ile ya maji inakuja na bomba dogo au kikombe chenye mistari, tunza hicho kipimo kuliko chupa yenyewe, maana vijiko vya jikoni kila kimoja kina ukubwa wake na mtoto anapimiwa kwa uzito, ndo maana kwenye kile kikaratasi cha mfuniko nimeandika kilo zao na ninabadilisha. Isizidi mara 4 kwa siku. Mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, jumla visizidi 8 ndani ya masaa 24, na angalia dawa za mafua nyingi nazo zina paracetamol ndani, unakuta mtu amekunywa mara mbili bila kujua. Aspirini usimpe mtoto. Diklofenaki nimeitoa kabisa kwa sababu mama yangu ana vidonda vya tumbo na akija anajipekulia mwenyewe, mama yangu huwezi kumwambia kitu.

Kipimajoto ninacho, cha digito, nilinunua famasi. Kabla ya hapo nilikuwa napima kwa kiganja kama wote.

Dawa mseto siweki. Najua wengi mtanishangaa, malaria Kanda ya Ziwa ni jambo la kila nyumba, ila hapa ndo pana makosa yetu. Homa si lazima iwe malaria, kipimo cha haraka kipo mpaka zahanati, kitone kimoja cha damu na majibu ndani ya muda mfupi. Na zile zilizobaki kwenye pakiti zinabakije? Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara 6 kwa siku tatu, ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, na unameza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Zikibaki maana yake hukumaliza. Jirani akija kuomba "kama zimebaki hata nne" namwambia twende nikusindikize ukapime, amenuna mara mbili, ya tatu tukaenda.

Degedege nimewahi kuiona kwa mtoto wa mpangaji mwenzetu, usiku, na watu wakakimbilia kijiko wamtie mdomoni. Usitie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, legeza nguo, angalia saa, na usimnyweshe chochote hata panadol mpaka azinduke vizuri. Halafu hospitali usiku huo huo.

Nge na nyoka nitapita haraka. Huku kwenye mawe wapo. Nge alimchoma binti wetu wa kazi mguuni alipovaa ndala iliyolala nje, tukaosha, tukaweka kitambaa chenye maji baridi, paracetamol, tukamwangalia, asubuhi maumivu yameshuka. Akiwa mtoto mdogo au mtu akianza kutokwa jasho jingi, kutapika, kuhema kwa shida, usimwangalie, mpeleke. Nyoka ni habari nyingine. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba kukata damu, na lile jiwe jeusi la nyoka linalouzwa minadani linanyonya muda wako tu. Unamtuliza, ule mguu au mkono haukunjwi wala hautembei, unaufunga na kitu kigumu, mimi nimetumia mwiko mkubwa wa ugali na kanga mbili kwenye mazoezi na watoto walicheka mpaka basi, halafu gari. Usihangaike kumtafuta nyoka ili mumpeleke naye.

Kanga, kwa kweli, ndo bandeji kubwa kuliko zote. Inabeba mkono uliovunjika, inakandamiza damu, inafunika mtu aliyelowa, inamsitiri mtu anayetibiwa hadharani. Ninazo mbili safi ndani ya nailoni, na hazitoki kwenda msibani.

Kwa safari nina toleo dogo, kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, na ndani yake kila kitu kiko kwenye vifuko vya nailoni vya kubana maana ukishapanda mtumbwi mmoja tu kwenda visiwani utaelewa kulowa ni nini. ORS 4, zinki, paracetamol, gozi, bandeji moja, plasta kidogo, glavu, kibanio, tochi ndogo, vidonge vya kutibu maji (vile vyangu kidonge kimoja ni cha ndoo ya lita 20, nusu saa ndo unakunywa, na maji yakiwa na tope unachuja kwanza kwa kitambaa). Dawa za mtu za kila siku haziwekwi kwenye begi kubwa. Baba mkwe dawa zake za presha ziliwahi kushushwa na mizigo chini huko kwenye meli ya usiku ya Bukoba, akakaa usiku mzima anajua zilipo na hawezi kuzifikia. Begi la mkononi, na picha ya cheti iwe kwenye simu.

Kwa upande wa Sengerema na Geita mambo yamepungua ugumu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, zile kilomita 3 unavuka kwa gari dakika chache, zamani unakuwa na mgonjwa kwenye foleni ya kivuko unaomba Mungu tu. Ila kwa wa visiwani ziwa bado ni lile lile. Na usininunulie kopo la dawa wakati hujavaa jaketi la kujiokolea, liombe kabla hamjaondoka, lifunge, mvalishe mtoto la saizi yake, vaa hata kama manahodha wanakucheka. Watoto wakishaoga ziwani pia usitafute dawa ya kichocho kwenye kopo, hiyo wanapimwa na kupewa kituoni.

Mahali pa kuweka. Langu la kwanza la nyumbani nililifungia kabatini kwa sababu ya watoto, vizuri sana, siku chai inamwagika funguo iko mfukoni kwa baba yao yuko Magu. Sasa hivi liko juu ya friji, watoto hawafiki, halina kufuli, kila mtu mzima wa nyumba hii anajua lilipo pamoja na binti na mpangaji mwenzetu. Sio bafuni kwenye unyevu, na usiliache kwenye gari linaloshinda juani, dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30 na ndani ya gari saa 8 mchana unaweza kuoka mkate. Ndani ya mfuniko nimeandika kwa maka peni: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, 115 usafiri wa dharura kwa mjamzito na kichanga, namba ya kituo cha afya cha karibu, namba ya mwenye Noah hapo chini, na namba za boda wawili ninaowaamini wanaopokea simu saa 9 usiku. Hao boda nimewauliza kabisa kabla, wakakubali. Ni bora kuuliza mapema.

Kukagua nilikuwa nasahau mpaka nikalifungamanisha na gesi. Siku mtungi ukiisha na nikabadilisha, nashusha kopo, naangalia tarehe za kuisha, naongeza kilichopungua. Kwetu inatoka kama mwezi na nusu mpaka miwili. Vinunue duka la dawa linaloeleweka, sio kwa mtu anayetembeza kwenye beseni stendi, na kama mfuko unakubana anza na ORS, gozi, sabuni na glavu, hivyo vinne kwanza, vingine mwezi ujao.

Kile kiboksi chekundu bado ninacho. Filimbi aliichukua mdogo, blanketi la kung'aa limefunika vifaranga. Kinachonishinda mpaka leo ni mkasi. Nimeshanunua wa tatu, mkali, wa maana, wa kwanza ulienda kwenye kishada cha yule mkubwa, wa pili uko kwa jirani anayesuka rasta na kila nikienda kuuchukua namkuta ana kichwa cha mtu katikati.